Nyayo za Kahawia kwenye Grini ya Saba

Jumanne, tarehe 4 Machi. Manyunyu yalianza alfajiri, na ukungu ulilala chini kwenye uwanja wa gofu hata bendera za mashimo zikaonekana kama zimening'inizwa hewani.

Saa kumi na mbili na nusu, mashine ya kukata nyasi ilizimwa ghafla. Kijana aliyekuwa akiisukuma alikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mrefu kiasi kwamba wenzake walimwita Mlingoti.

“Mzee! Njoo uone! Grini ya saba imeungua!”

Msimamizi wa nyasi alifika akihema. Grini, ile sehemu ya nyasi fupi laini inayozunguka shimo, ndiyo roho ya uwanja, na Jumamosi ijayo kungekuwa na mashindano. Sasa juu ya kijani kile zilipita nyayo za kahawia. Zilitoka kwenye njia ya kokoto, zikaingia hadi nyuma ya grini, zikapinda, zikarudi zilikotoka. Ndani ya kila unyayo nyasi zilikuwa zimekufa.

Alielewa mara moja. Alhamisi jioni njia ile ilipuliziwa dawa ya kuua magugu. Mtu aliikanyaga kabla haijakauka, akaiingiza kwenye grini kwa mabuti yake. Dawa hiyo haina haraka. Huua polepole, na jeraha huonekana siku kadhaa baadaye.

Saa moja wafanyakazi wote walikusanyika kwenye banda la mashine. Kama kawaida, msimamizi aliongoza sala fupi ya kuanza kazi. Amina ilikuwa haijapoa midomoni alipomgeukia mwanafunzi wa pili, mama wa makamo aliyerudi shule baada ya wanawe kukua, akisoma jioni. Mlingoti alimwita Shangazi, na banda zima likamfuata.

“Nani alipuliza dawa njia ya saba?”

“Mimi, mzee.”

“Na nani alikutuma upite kwenye grini na dawa miguuni?”

“Sikupita, mzee. Nilifunga kamba na kitambaa chekundu pande zote mbili za njia kuzuia watu, kisha nikarudi kwa njia ya daraja.”

“Kamba ipi? Ijumaa mimi nimepita pale, sikuona kamba! Mtu mzima mwenye wajukuu anakuja hapa kujifunza kazi, kumbe amekuja kutufundisha uongo!”

“Shangazi leo umeunguza mboga,” mtu mmoja alisema kutoka nyuma, na kicheko kikazunguka banda. Shangazi alikaza macho kwenye kofia yake, akiizungusha mikononi.

Meneja wa klabu alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli ukimchuruzika.

“Makelele si ushahidi, mzee,” alisema. “Nipatie jina. Saa sita napiga simu chuoni. Kama ni mwanafunzi, anaondoka leo na mafunzo yake yanafutwa.”

Shangazi aliinua uso. Kila mtu pale alijua kwamba chuo chake hakimpi mtu nafasi ya pili ya mafunzo. Kufutiwa kungekuwa mwisho wa shule yake.

Msimamizi aliwachukua wanafunzi wote wawili hadi grini ya saba. Alimwambia Shangazi avue buti moja, akaliweka ndani ya unyayo. Likazama. Pembeni palibaki nafasi ya vidole viwili.

“Si wewe,” alisema kwa sauti ndogo, tofauti kabisa na ile ya bandani. “Mlingoti, lete lako.”

Buti la Mlingoti lilienea.

“Linaenea,” alisema msimamizi.

“Mzee, mguu wangu unajaza kila kitu. Ndiyo shida yangu hata dukani.”

“Acha mzaha. Umewahi kuingia hapa bila ruhusa?”

“Jumamosi iliyopita, jioni. Niliokota mpira, nikatafuta kijiti, nikajaribu kuutumbukiza shimoni.”

“Ukaingia?”

“Mwishowe uliingia. Nadhani ulinionea huruma.”

Msimamizi alihisi kifua kimefunguka. Amepatikana! Lakini Shangazi, ambaye bado alikuwa na mguu mmoja bila buti, aliuliza taratibu, “Mwanangu, Jumamosi shimo lilikuwa wapi?”

“Mbele kule, karibu na mchanga wa kunasa mipira.”

Wote watatu wakatazama mbele. Karibu na mchanga hapakuwa na unyayo hata mmoja wa kahawia.

Msimamizi aliufuata mstari wa nyayo kwa macho. Kila alfajiri shimo huhamishwa ili nyasi zisichoke mahali pamoja. Anayelihamisha hukata shimo jipya kwa chuma cha mviringo, kisha huchukua kipande kile cha udongo na nyasi akaziba shimo la jana. Kila shimo lililozibwa huacha duara hafifu kwa siku chache. Nyayo zilikwenda kwanza kwenye duara la Ijumaa. Kutoka hapo zilikwenda kwenye duara la Alhamisi. Na kando ya kila duara palikuwa na mabaka mawili ya kahawia, yamekaa sambamba, mapana kama visosi.

Magoti.

Aliyepita hapa hakuja kucheza. Alipiga goti kukata shimo la Ijumaa, akapiga goti tena kuziba la Alhamisi. Na chuma cha kukatia mashimo kilikaa kwenye kabati lenye kufuli moja na ufunguo mmoja. Ufunguo huo ulikuwa shingoni mwa msimamizi mwenyewe.

Hakuhitaji kupima, lakini alipima. Buti lake liliingia kwenye unyayo kama mfuniko kwenye sufuria yake.

Sasa alikumbuka. Ijumaa, kungali giza, umande umejaa, yeye ana haraka na hataki kuzunguka darajani. Kitu kilimgusa kwenye miguu. Alipiga magoti palepale kwenye kokoto, akakivuta kikakatika, akakisukuma vichakani kwa buti akidhani ni takataka za wachezaji.

“Mlingoti, karudishe mashine bandani,” alisema. Kijana alipoondoka, alimtazama Shangazi. Mama yule alikuwa ameona kila kitu.

“Mzee,” alisema Shangazi, “tunaweza kusema dawa ilipeperushwa na upepo.”

“Upepo una magoti?”

“Basi sijui. Mimi sipendi tu kukuaibisha mbele ya watu.”

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Asubuhi ileile, mbele ya watu walewale, yeye alifanya nini? Na hata sasa, Mungu amsamehe, akili yake ilikuwa ikipiga hesabu: buti la Mlingoti limeenea, kijana mwenyewe amekiri kuingia, neno moja lingetosha. Alijaribu kusali. Alilopata kusema lilikuwa, “Baba, nimeshaona.”

Saa sita kasoro dakika chache banda lilijaa. Meneja alikuwa na simu mkononi.

“Jina, mzee.”

“Weka simu, bosi. Ni mimi.”

Watu walicheka wakidhani ni utani. Vicheko vilikufa kimoja kimoja alipoeleza: kamba, haraka, maduara mawili, magoti.

“Sasa huyu mama ulimkamatia nini?” aliuliza meneja.

Msimamizi alivua kofia. “Kwa sababu ni mwanafunzi. Nyasi zikifa hapa, tunamtazama yule asiye na wa kumsemea. Kujishuku mwenyewe hakukunijia hata kidogo.”

“Grini itawekewa viraka leo,” meneja alisema. “Wewe na mimi tutaongea ofisini. Mama, mafunzo yako yanaendelea.”

Shangazi hakuondoka. “Ahsante, bosi. Lakini mzee, nimeitwa mwongo hapa. Wenzangu wa darasa wameshapigiwa simu tangu asubuhi. Jioni nikiingia, nitakaa vipi?”

Aliyesema habari za mboga alijifanya anatafuta kitu chini ya mashine.

Msimamizi alimkaribia. Sauti aliipandisha hadi waliokuwa nje ya mlango wakasikia.

“Nyote mnanisikia. Leo jioni nitakwenda na huyu mama hadi darasani kwake. Nitasimama mbele ya mwalimu na wenzake, niwaambie kwamba alisema kweli, na mwongo nilikuwa mimi.”