Somo Alilokosea Domitille

Januari ya 2003, Domitille, mwalimu wa uchumi, alipeleka wanafunzi wake soko kuu la Bunia, mashariki ya Kongo, wakaone kwa macho yao jinsi dola inavyopanda. Alivaa kitenge cha manjano na viatu vya kisigino, utafikiri vumbi la Bunia halimhusu. Akasimama mbele ya meza ya kambisti mmoja, mbadilishaji wa pesa.

"Ndugu, elezea batoto. Juu ya nini dola imepanda leo?"

Kambisti, kijana wa Butembo aitwaye Kule, shati limenyooshwa pasi mpaka kola, alimtazama mwalimu, si watoto. "Barabara ya Mahagi imefungwa. Malori haikuye tena. Kila mutu anatafuta dola." Akashusha sauti. "Na weye, mwalimu, nani anakutafuta?"

Wanafunzi wakacheka. Domitille akajifanya amekasirika. Lakini kila Jumamosi alifundisha akina mama kugawa pesa ya nyumba, chumvi hapa, ada ya shule pale, na Jumamosi iliyofuata Kule alikuwa benchi la nyuma. Kufika Pasaka walikuwa wachumba. Muzee Gustave, baba wa Domitille, alitaja dote, mahari ya binti yake: mbuzi kumi na dola mia tatu. Kule akaanza kukusanya.

Mwezi wa tano mji ukawaka risasi. Domitille alikwama kwenye kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege. Wazazi wake walifika Beni salama kwa lori. Mwezi wa nane wote walirudi. Meza ya Kule ilikuwa imevunjwa, na habari ya dote hakuigusa tena.

"Ngojea kidogo, sheri wangu," alimwambia Domitille alipomuuliza.

"Mpaka siku gani?"

"Kidogo tu."

Domitille aliwajua makambisti: hukalia dola mpaka bei igeuke. Na tangu vita, familia zilikuwa zinatoa binti kwa mbuzi wawili. Basi akapiga hesabu yake, na hesabu ikamuuma. Jumamosi akawaambia akina mama, "Wachumba wakipunguka, dote inashuka. Kuko hata kambisti mumoja anangojea ishuke tena."

Wakacheka mpaka wakapiga mapaja. Kule, benchi la nyuma, alichukua kofia yake akatoka. Kesho yake alipanda lori la Butembo.

Miezi kumi. Domitille alimkasirikia mitatu ya kwanza, saba iliyobaki akamtamani tu. Pale palipokuwa na meza, mama mmoja sasa aliuza mandazi. Alinunua mandazi kila siku, naye mandazi hayapendi.

Akaja mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Mongbwalu kumposa, dote yote mkononi. Muzee Gustave aliitazama ile mali akaanza kulia.

"Mutoto wangu, siwezi kuikamata. Dote yako nilishaikula."

"Uliikula namna gani, papa?"

"Lori ya Beni. Kule njo mwenye aliilipa. Dola zote, na mbuzi akauzisha. Nilimuapisha asikuambie. Muzee kubebwa na mutu mwenye hajaoa hata binti yake, ile haya iliniua."

Domitille alikimbia mpaka kwa Mama Valérie, mwenye simu ya kulipia kando ya barabara, akapiga namba ya Kule.

"Allo?"

"Kule, ni miye."

"Mwalimu. Dote iko bei gani leo?"

"Usinicheke. Papa ameniambia yote."

"Nasikia uko na mutu wa zahabu."

"Nilimukatala. Kule, nakutamani, nimechoka kukutamani. Kuya Bunia."

"Na mikono mitupu?"

"Hivyo hivyo, mi na—"

"Initi ya simu imekwisha, mwalimu," alisema Mama Valérie. Domitille hakuwa na pesa nyingine.

Jumamosi alisimama mbele ya akina mama. "Ile somo ya dote, mufute. Nilikosea. Yule kambisti alishalipa yote mwaka jana, mwezi wa tano, na papa na mama yangu wako wazima sababu yake."

Hakuna aliyecheka.

Jumamosi ya tatu, katikati ya somo la sabuni na chumvi, mlango ulifunguliwa. Shati lilikuwa lile lile, kola imechakaa, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Kule akakaa benchi la nyuma na kuinua mkono.

"Niko na swali, mwalimu."

"Uliza," alisema Domitille.

"Mutu akishalipa, na bado hawajamupa, anafanya namna gani?"

Domitille aliweka chaki chini. Zaidi ya mwaka alikuwa akiwafundisha hawa akina mama kutotoa jibu kabla ya kupiga hesabu.

"Anakuya mbele," akasema, "anakamata bibi yake."