Njia ya Tano

Gurudumu la kupimia lilionyesha kwamba kwenda ni mita elfu tatu na mia mbili, na kurudi ni mita elfu mbili na mia saba. Njia ni hiyo hiyo moja. Mpimaji alisoma namba zile mara mbili, akalipiga gurudumu kofi dogo kama mtu anayemwamsha mlinzi aliyesinzia, kisha akaziandika zote mbili kwenye daftari na kurudi ofisini. Zamani angeshangaa. Siku hizo alikuwa hashangai kitu.

Ofisi yao ilikuwa ikiandaa kijitabu kwa watu wanaopenda kukimbia: njia tano nzuri kando ya bahari, kila moja na ramani yake, urefu wake, na maneno machache ya kumtamanisha mtu aamke mapema. Ya kwanza ilipita juu ya ukuta wa bahari, mawimbi yakimrushia mkimbiaji manyunyu. Ya pili ilikuwa daraja la mbao lililokatiza mikokoni, kaa wekundu wakijificha kwa kila kishindo. Ya tatu ilikwenda chini ya mivinje, juu ya majani makavu, laini kama zulia. Ya nne ilipanda ngazi hadi mnara wa taa. Ya tano, hii iliyokataa kupimika, ilifuata rasi ya mawe mpaka kwenye ncha, ambako mtu alisimama na maji pande tatu, ya kijani karibu na ya buluu mbali, mpaka akasahau alikotoka. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Ila hakuna aliyekimbilia pale. Hata mbwa hawakupita.

"Hilo gurudumu limechoka," alisema mchoraji wa ramani, mwanamume mnene waliyemwita Kifutio kwa sababu alifuta zaidi ya alivyochora. "Ikimbie njia hiyo mwenyewe, dada, tupate dakika. Nikikimbia mimi, itabidi kijitabu kianze na namba ya gari la wagonjwa."

Wenzao wakacheka. Mpimaji akatabasamu, kwa kuwa aliona wengine wanatabasamu.

Miezi minane nyuma mumewe alikwenda hospitali Jumanne na homa, na Ijumaa wakamzika. Hakulia. Alipokea wageni, akapanga viti, akarudisha masufuria ya majirani, kila sufuria kwa mwenyewe. Watu wakamsifu kwa moyo mgumu. Yeye alijua si ugumu. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua upo, lakini si wako. Nyumbani alibaki na mama mkwe wake, ajuza mwenye magoti mabovu aliyetembea kwa mkongojo, na ambaye alilia kwa niaba yao wote wawili. Alilia akichambua mchele, alilia akikunja nguo, alilia akitafuta miwani ambayo ilikuwa usoni mwake.

Kesho yake alfajiri Mpimaji alifunga viatu, akaenda kwa baiskeli hadi kwenye rasi kuikimbia njia ya tano.

Hewa ilikuwa tulivu. Alipofika nusu ya rasi, alisikia hatua nyuma yake. Hazikuwa za kiatu. Zilikuwa za unyayo mtupu, wenye maji, na zilichelewa kidogo baada ya zake: tap, halafu tap. Alisimama. Zikapiga mara moja zaidi, zikasimama. Aligeuka. Njia ilikuwa tupu, mawe yamekauka, na harufu ya mwani ikamjia, na ndani ya harufu hiyo kitu kitamu, kama tunda lililoanza kuoza ndani ya begi. Akaendelea.

Pale kwenye ncha, jua lilichomoza mbele yake, bahari ikawaka yote. Na ghafla, bila kutegemea, alitaka kumwonyesha mumewe. Kifua kikambana. Kile alichokikwepa kwa miezi minane kikaanza kupanda kooni, kikubwa, kina kingo.

"Hapana," alisema kwa sauti, peke yake. "Sikitaki. Akichukue mwingine."

Zile hatua zikaanza tena. Zikamkaribia taratibu, zikafika mgongoni, na zikaacha kuchelewa. Zikawa sawasawa na zake. Kisha hakusikia hatua nyingine yoyote isipokuwa zake mwenyewe, na kifua kilikuwa kimefunguka. Alikimbia kurudi, akapita alipoacha baiskeli, akapita mnara, akapita mivinje, mikoko na ukuta, njia zote tano kwa mkupuo mmoja, akafika nyumbani bila tone la jasho.

Tangu siku hiyo alikimbia kila asubuhi na kila jioni, bila kukumbuka viatu, soksi tu miguuni. Chakula alikula kwa kuwa kimewekwa mbele yake. Ofisini aliandika maelezo mazuri mno. Kifutio aliyasoma akasema hata yeye karibu atamani kukimbia, halafu akamwangalia vizuri, akaacha utani.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona miguu yako haitulii?"

Mpimaji akatazama chini ya meza. Miguu yake ilikuwa ikikimbia. Visigino vilipanda na kushuka haraka, bila kelele, kama vya mtu mwingine. Aliibana kwa mikono mpaka ikatulia, kisha akaendelea kuandika.

Aliyeogopa alikuwa mama mkwe. Ilianza mchana mmoja, nyumba ikiwa kimya, Mpimaji amelala chumbani. Ajuza alikuwa jikoni aliposikia mtu anakimbia kwenye korido, kwenda na kurudi, unyayo mtupu wenye maji. Akaita, hakuitikiwa. Akachungulia. Korido ilikuwa tupu, lakini sakafu ya saruji ilikuwa na nyayo mbichi, na kila unyayo ulikuwa na mwingine juu yake: mmoja wa mkwewe, aliujua kwa kidole kilichopinda, na mwingine mrefu, mwembamba, uliopita mbele ya huo kwa shibiri nzima. Nyayo zote zilielekea chumbani. Hakuna zilizorudi, ingawa alimsikia mtu akirudi.

Aliufuata ule unyevunyevu akijishikiza ukutani, harufu ile tamu ikizidi kadiri alivyosogea, akausukuma mlango kwa ncha ya mkongojo, akamwona mkwewe amelala chali macho wazi, hajambo, hana homa, hana jasho, na chini, pale shuka lilipoishia, soksi alizokuwa amevaa zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu kutoka kwenye vidole hadi kisiginoni, na zilikuwa zimeshikana na nyama kama lebo kwenye chupa.

"Mwanangu," alinong'ona. "Umeifanya nini miguu yako?"

"Nimekimbia tu, mama."

Ajuza alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti yale yasiyotaka kupigwa, akaloweka soksi, akazibandua kidogo kidogo. Kucha nne zilitoka nazo. Nyayo zilikuwa zimepasuka mpaka ndani, na kwenye mipasuko mlikuwa na vipande vya mawe ya rasi, vyeupe, vingine vikubwa kama punje za mahindi. Alivitoa kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi. Mikono yake ilitetemeka, kibano kikateleza, kikazama kwenye jeraha. Yeye ndiye aliyepiga kelele. Mpimaji alikuwa akitazama dari.

"Haiumi?"

"Haiumi."

"Na yeye? Ukimkumbuka mwenzio?"

Mpimaji alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Hapo pia haiumi," alisema.

Ajuza hakumwambia mtu. Aliuliza tu huku na kule, kwa sauti ya chini, na jioni ya pili akampeleka kwa dobi mmoja nyuma ya soko, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni, ambaye watu walisema anajua kuzungumza na majini. Dobi alikuwa akipiga pasi mashati. Alimtazama Mpimaji, akavuta pumzi kwa pua, akaikalisha pasi wima.

"Mmekuja wangapi?" aliuliza.

"Wawili," alisema ajuza.

"Watatu," alisema dobi, akafunga mlango.

Alimkalisha Mpimaji kwenye kiti, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, akamwambia ajuza amshike mabega. "Sikiliza, mama. Jini atakapozungumza, nitajibu mimi peke yangu. Usimjibu hata neno moja. Hawa hawaingii bila kukaribishwa, na karibu yenyewe haihitaji kuwa ndefu."

Ajuza akaitikia kwa kichwa.

Dobi alisoma maneno yake chini chini, mvuke wa nguo ukiwazunguka, kwa muda mrefu, mpaka maji ya beseni yakaanza kutikisika yenyewe. Miguu ya Mpimaji ilianza kukimbia ndani ya maji. Kisha mdomo wake ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu aliyehema kwa kukimbia umbali mrefu sana.

"Nimembebea," ilisema. "Mnanifukuzia nini? Nimembebea mzigo wake."

"Nani alikutuma?"

"Aliniambia chukua. Nilikuwa nimekaa pale, sina miguu, naangalia maji. Akasema akichukue mwingine. Mimi ndiye mwingine."

"Rudisha, uende ulikotoka."

"Nikirudisha, atarudishiwa vyote. Kwa siku moja. Mnampenda au hamumpendi?"

Mpimaji alisikia yote hayo kwa mbali, kama redio ya jirani. Aliona dobi akisita. Aliona pia kwamba anaulizwa yeye, kwa macho.

"Unataka atoke?" dobi aliuliza.

Alitaka kusema ni sawa tu. Lakini alikumbuka kwamba asubuhi ile alijaribu kuuona uso wa mumewe, akauona wazi, kila kitu mahali pake, na haukuwa na tofauti na uso wa mtu kwenye tangazo. "Atoke," alisema.

Dobi akamwaga chumvi yote iliyobaki, akapaza sauti, na yule jini akaanza kulia kwa kinywa cha Mpimaji, akiomba, akisema kule ni baridi, kule hakuna mtu anayepita, nipeni miguu mingine, yoyote ile, hata mibovu, na miguu ikakimbia kwa nguvu hadi beseni likapinduka na maji yakaenea sakafu nzima, na katikati ya ghasia zile, mvuke ukiwa mzito hata dobi hakuona upande wa pili wa kiti, Mpimaji alimhisi mama mkwe akiinama karibu na sikio lake, pumzi yake moto, akinong'ona jambo fupi ambalo hakulisikia. Kisha maumivu yakaja.

Yalianzia kwenye nyayo, yakapanda magotini, yakafika kifuani na kukuta mengine yanangoja pale. Alilia jina la mumewe. Alilia mpaka akatapika. Dobi alifungua madirisha, akasema, "Ametoka," na ajuza akafuta sakafu kwa kitambaa.

Siku tatu Mpimaji alilala kitandani, miguu imefungwa bendeji, akilia usingizini na akiwa macho. Maumivu yalikuwa mabaya, na yalikuwa yake. Mama mkwe alimhudumia vizuri: alipika, alifua, alibadilisha bendeji bila mkono kutetemeka. Hakulia hata mara moja. Mpimaji alidhani ajuza amejikaza kwa ajili yake, akamshukuru, na ajuza akasema, "Usijali," huku akiangalia dirishani.

Asubuhi ya nne Kifutio alipiga simu. Alikuwa kwenye ukuta wa bahari, akisimamia mafundi wa kubandika vibao vya njia.

"Dada, mama mkwe wako si anatembelea mkongojo?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

Mawimbi yakasikika kwenye simu. "Basi nimemfananisha," alisema Kifutio. "Huyu niliyemwona anakimbia."

Mpimaji aliita. Nyumba haikuitika. Jikoni sufuria ilikuwa inachemka, na kutoka pale mpaka mlango wa nje kulikuwa na nyayo mbichi juu ya saruji, nyembamba za kizee, na juu yake zile ndefu.

Alitoka bila viatu, bendeji zikiburuzika. Alipita ukutani, Kifutio akimwita na kujaribu kumfuata na kushindwa, akapita daraja la mbao ambalo kila ubao ulimchoma kama msumari, akapita mivinje, na alipopanda mpaka kwenye mnara ndipo alipomwona, mbali, kwenye njia ya tano: kanga imefungwa kiunoni, mgongo umenyooka, magoti yakipanda juu kama ya msichana wa shule, mwanamke wa miaka themanini akikimbia kwenye mawe makali kuelekea kwenye ncha, na bahari pande zote inang'aa vizuri kweli.

"Mama!" aliita. "Mama, simama! Mwambie hapana!"

Ajuza alimsikia. Aligeuza uso bila kupunguza mwendo, na uso ulikuwa mkavu, laini, umepumzika.

"Haiumi, mwanangu," alisema, kwa upole, kama anayemliwaza mtoto, na akageuka, akaongeza kasi.

Mpimaji alimfuata. Damu ilikuwa imeshapenya bendeji, na kila jiwe alilisikia.