Bangkok ya Kiwalani

Loveness alikuwa ametoka kupeleka sare za harusi alizoshona, akakatiza soko la Kiwalani, gauni lake la njano limemganda mgongoni kwa joto. Penye mkaa akaona mgongo anaoujua. Na shati alilijua: la bluu, kola ya kusimama. Alilishona yeye, mchumba wake akalivae siku ya kwanza darasani Bangkok.

Mchumba huyo, mwalimu Gaspar, aliagwa Tabata kabla ya Pasaka. Padri alimwombea, mbuzi alichinjwa. Mzee Didas, baba yake Loveness, aliyekuwa hataki kusikia habari za mkwe mwalimu, alikubali posa siku ileile.

Loveness hakupiga kelele. Alipiga simu.

Mgongo ukashtuka. "Mama la mama! Za huko?"

"Salama, baba. Hali ya hewa Bangkok?"

"Mvua tu. Natoka darasani hivi. Watoto wa huku wanavyonipenda, we acha."

"Mbona nasikia singeli?"

"Aah, kuna Mbongo mwenzangu hapa, anapenda makelele."

"Na huo mkaa ndo mnapikia huko?"

Akahamishia simu sikio la pili.

"Gaspar. Geuka."

Aligeuka, yeboyebo miguuni, kindoo cha mkaa mkononi, simu bado sikioni. Ndege ikapita chini juu ya mabati ikienda kutua. Loveness akangoja mlio uishe.

"Umeshuka lini?"

"Sikupanda, Lavi."

Walikaa kwenye benchi la mama ntilie. Gaspar alisema akitazama meza.

"Mtihani wa kazi nilifaulu. Siku ya mwisho kabla ya safari, mkuu wa shule ya Bangkok akanipigia kwa video. Akasema Kiingereza changu safi, ila wazazi wa kule wanalipia mtu aliyezaliwa nacho. Nikamwambia kukifundisha ndo kazi yangu tangu nitoke chuo. Akasema anajua. Akaniomba radhi, tena kwa adabu. Nafasi wakampa yule kijana mzungu aliyekujaga kujitolea shuleni kwetu."

"Yule asiyejua hata kushika chaki?"

"Huyo. Barua yake ya maombi nilimsahihishia mie."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Mbuzi keshachinjwa! Baba yako kanikumbatia mbele za watu, kaniita mwanangu. Ningeanzia wapi?"

"Ndo maana ulikataa tusikusindikize uwanja wa ndege."

"Nilishukia hapa. Nikapanga chumba."

Loveness alitaka kumtukana, aibu ikamshika na yeye. Hakuna mteja aliyekalia kiti pale anaposhonea bila kusimuliwa Bangkok. Alikuwa amemwambia usoni Kokuberwa, jirani yake muuza vitumbua, kwamba mume wa Kokuberwa hajawahi kuvuka hata Chalinze.

"We ulidhani nimeposwa na Bangkok?" alisema, machozi yakimtoka.

"Baba yako ndo aliyempa Bangkok mke."

"Baba mwache. Twende nyumbani."

"Leo? Hivi nilivyo?"

"Hivihivi. Na utajibu mwenyewe. Nikisikia uongo mmoja, naingia ndani peke yangu, na pete yako nakurudishia palepale barabarani."

Walifika Tabata jua bado kali. Kokuberwa aliwaona wa kwanza, na mdomo wake ulikuwa unashinda spika za kanisani.

"Heee! Mwalimu! Umerudi lini kutoka Bangkok?"

Watu wakageuka. Mzee Didas akatokeza kibarazani, msuli kiunoni. Gaspar alimtazama Loveness. Loveness akatazama barabara, hakumsaidia.

"Shikamoo baba," Gaspar alisema. "Sikwenda. Walinikataa. Siku zote hizi nilikuwa Kiwalani, nawadanganya."

Kokuberwa akaanza kucheka, akakosa wa kucheka naye.

Mzee hakuitikia. Aligeuka, akaingia ndani. Gaspar akabaki ameinamisha kichwa, jasho likimtiririka kwenye kola. Loveness akasogea, akamshika mkono mbele za wote, macho yake yakiwa chini.

"Marahaba," ikasikika kutoka ndani. "Ingieni basi. Hapo nje mnamuuzia nani sura?"