Watani Wako Wapi

Kalunde Maganga hakuwa na mume. Hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba, hakuwa na sauti ya kuimba wala mkono wa kusonga ugali usiokuwa na madonge. Hakuwa na subira ya kukaa na wageni. Na tangu masika yaliyopita, hakuwa na baba.

Lakini katika mji mzima wa Tabora, ambao siku hizo ulikuwa na treni za sumaku na majengo yanayojipoza yenyewe, hapakuwa na nyumba isiyokuwa na kitu alichokibuni yeye. Kiliitwa kisikizi. Kilikuwa kidude cha kioo, kidogo kama kifungo cha shati, kilichobandikwa ukutani. Kisikizi kilisikia kila neno lililosemwa ndani ya nyumba, kikalihifadhi, na mwenye nyumba alipolitaka kikamrudishia. Bibi aliyesahau mahali alipoweka dawa aliambiwa. Mtoto aliyezaliwa baada ya babu yake kufa aliweza kumsikia babu huyo akicheka. Maneno yote yalikwenda kulala katika ghala la maneno, chini ya ardhi, na Kalunde ndiye aliyekuwa mtunza ghala. Bila sahihi yake, hakuna neno lililotoka kwenda kwa mtu asiyekuwa mwenye nyumba.

Siku ya mazishi ya baba yake, kisikizi cha sebuleni kilifanya kazi yake kama kawaida. Mzee Pazi, fundi wa baiskeli za umeme, alikuja. Alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani haji msibani kulia. Huja kufanya fujo ili wafiwa wapumue. Mzee Pazi alivaa koti la marehemu, akachechemea kama marehemu, kisha akajilaza mlangoni ili jeneza lisipite.

"Nani kamuua huyu?" alifoka. "Mimi! Nimemtilia sumu kwenye uji, kwa kuwa alinimalizia ugoro wangu. Na bado! Mkuu wenu wa Jimbo naye ni Mnyamwezi, mpagazi tu. Nikimaliza kwa huyu, namfuata yeye."

"Ondoka hapo, Mzaramo wewe!" Kalunde alimjibu, machozi yakimtiririka. "Ungesikia ngoma mtaa wa pili, ungekuwa umeshaliacha jeneza ukaenda kucheza."

Watu wakaangua kicheko. Kalunde naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe.

Miezi michache baadaye, mtu asiyejulikana alilirushia gari la Mkuu wa Jimbo chupa ya petroli inayowaka. Serikali ikatoa hati: kampuni ya visikizi itoe maneno yote yaliyomtaja Mkuu huyo, kutoka nyumba zote za mji. Wakili Edina Rweyongeza, kiongozi wa kikundi cha wanaharakati kilichoitwa Kauli ya Nyumbani, alimfuata Kalunde ofisini.

"Dada, usitie sahihi. Sheria inakuruhusu kukataa, mahakama iamue."

"Nikatae nini? Watu wamemsema Mkuu kwa sababu ya bei ya maji. Hilo si kosa."

"Si wewe utakayeamua kosa ni lipi."

"Serikali ni watu, Edina. Hata wao wana watani."

Kalunde aliyasikiliza tena maneno ya Mzee Pazi, akacheka peke yake, akatia sahihi.

Hakufikiria kwamba upande wa pili hapakuwa na mtu aliyesikiliza. Maneno yalipokelewa na kichambuzi, mashine ya akili bandia iliyofundishwa lugha kwa hotuba, magazeti na mashauri ya mahakama. Msibani haikuwahi kupelekwa. Kichambuzi kilipima, kikaandika: amekiri kuua, ameahidi kuua tena. Siku hiyo hiyo askari walimkuta Mzee Pazi akiziba pancha, wakamchukua.

Kalunde alikwenda kumwona mahabusu.

"Mzee, waambie ulikuwa utani."

"Nimewaambia. Kijana anayenihoji ni wa Nzega, Mnyamwezi mwenzako, anaelewa vizuri kabisa. Kaninong'oneza, 'Mzee, najua, lakini mashine imeshaandika, mimi nitayafutaje?'"

"Basi kana. Sema hukusema."

"Nikane? Maneno yale ndiyo niliyomzikia baba yako." Akakohoa kwa muda mrefu, kisha akatabasamu. "Mpagazi wewe. Safari hii mzigo umenitwisha mimi."

Kalunde alitaka kucheka. Hakujua kama alikuwa anataniwa.

Mzee Pazi alifia mahabusu, kifua kikimbana, kabla kesi yake haijatajwa.

Msibani kwake Wanyamwezi walijaa uani. Ilikuwa zamu yao. Lakini hakuna aliyevaa koti la marehemu, hakuna aliyelala mlangoni. Walikitazama kisikizi ukutani, kisha wakatazama chini. Mjane, Bi Mwamvua, alingoja sana.

"Kwani mume wangu anazikwa na wapita njia?" aliuliza mwishowe. "Watani wako wapi?"

Kalunde alisimama. Alitaka kumwita marehemu mvivu, mdokozi wa ugoro, mpenda ngoma. Akakiona kisikizi ukutani. Akaketi. Jeneza likapita mlangoni bila mtu wa kulizuia.

Wiki iliyofuata ikaja hati nyingine. Ilidai maneno yote yaliyosemwa msibani kwa Mzee Pazi, pamoja na majina ya waliohudhuria.

"Tia tu sahihi, mama," mkurugenzi wake alimwambia. "Pale hamna kitu. Watu walikaa kimya."

Kalunde alishuka ghalani, akaisikiliza sauti ya Bi Mwamvua ikiuliza watani wako wapi. Alijua kichambuzi kingeandika nini: anawaita wenzake wa njama.

Safari hii hakutia sahihi. Sheria ilitaka anayeikataa hati ya serikali akatae kwa mkono wake mwenyewe, juu ya karatasi. Aliiandikia mahakama kwamba hatayatoa maneno ya wafiwa. Aliandika kwamba yale ya kwanza aliyatoa yeye, na kwamba yuko tayari kulisema hilo mbele ya hakimu yeyote. Akampa Edina asome.

"Ukishindwa mahakamani watakufunga, dada."

"Najua."

"Nikae nawe?"

"Kakae na Bi Mwamvua."

Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akalamba ukingo wake, akaubana kwa kidole gumba mpaka gundi ikashika. Posta, karani alimwuliza kama anataka njia ya kawaida au rejesta.

"Rejesta," alisema Kalunde. "Iandikwe kwamba imetoka kwangu."

Karani akaigonga muhuri, akaidondosha katika mfuko wa barua, na mfuko ukachukuliwa.