Udongo wa Mama Chini ya Nailoni

Chungu kilipasuka mlangoni mwa soko, saa ya watu kugongana mabega. Kinyozi aliyekuwa amekibeba akabaki amekumbatia mlimau, mizizi inaning'inia, udongo umemwagikia raba zake nyeupe.

"Usisogee, kaka," alisema muuza miche wa pale mlangoni, dada mwenye gauni la kijani na buti za mpira. "Unakanyaga udongo wako."

Akaukusanya kwa mikono. Kinyozi akaeleza bila kuulizwa: mlimau aliupanda marehemu mama yake, nyumba imeuzwa, na udongo ule ndio kitu pekee kilichobaki cha uani kwake.

"Niachie mti mwezi mmoja. Mizizi ina vinundu, mti unaumwa."

"Mwezi mzima? Basi nipe na namba, niwe namjulia hali mgonjwa."

Simu zikaanza. Asubuhi simu, jioni simu.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupi, mlimau au wewe?"

Mwanamume mzima anacheka peke yake, mashine iko juu ya kichwa cha mtu. Kuna wateja walitoka pale na mnyoo wa denge ambao hawakuuomba.

Siku moja akaenda sokoni bila kupiga simu, shati limenyooshwa pasi, marashi yanamtangulia. Dada alikuwa amekwenda kuchukua pumba. Kinyozi akaukuta mlimau kwenye ndoo ya makumbi ya nazi na pumba za mpunga, hamna udongo hata chembe. Akapiga simu.

"Udongo wa mama uko wapi?"

"Upo, mpenzi, nime..."

"Humu haumo. Umeutupa."

Akakata, akabeba mti wake. Mtu akishapandwa na hasira, nani atamwambia asikilize kwanza?

Akaupanda kwenye ndoo nyingine, kwa udongo wa mfinyanzi aliouchimba nyuma ya saluni. Majani yakageuka manjano. Simu za dada hakupokea, na kumkosa kulimuuma kuliko alivyotaka kukubali. Dada naye alilia, tena akajifuta kwa mkono wenye mbolea, macho yakamwasha mpaka jioni.

Mwezi ulipoisha, dada akaingia saluni na mfuko wa udongo begani. Mteja alikuwa kitini, nusu kichwa kimenyolewa.

"Vile vinundu ni vya minyoo wanaoishi udongoni," alisema, akiutua mfuko. "Mizizi mibovu niliikata. Udongo niliulowesha, nikaufunika nailoni juani, joto liwaue. Makumbi yalikuwa ya kuushikilia mti tu. Ungepokea simu ungejua."

Kinyozi akaingiza mkono ndani ya ule mfuko wa udongo. Akatoa kipande cha ganda la yai. Mama yake alikuwa akizika maganda ya mayai shinani mwa mlimau kila asubuhi, baada ya chai.

"Hukuyatoa," alisema.

"Niyatoe kwa nini? Yalikuwa yake."

Kinyozi akakaa chini kwenye nywele za watu, akalia. Alipomaliza akasema, "Nisamehe. Nakupenda. Nataka nikuoe."

"Muoe," alisema mteja, "ila kichwa changu usikisahau."

Dada alikuwa ameiinua ndoo ya mlimau iliyokuwa mlangoni, anaichungulia chini.

"Haina hata tundu moja. Maji yapite wapi? Umeuzamisha mti wa watu." Akaiweka chini. "Toboa hiyo ndoo. Tuupande sasa hivi, nusu udongo wa mama, nusu makumbi. Halafu Jumapili uje nyumbani umwone baba."

Kinyozi akatafuta msumari, akaanza kutoboa. Mteja alisubiri.