Silinda Mbili Nyuma ya Ofisa

Mimi si mtu wa mapepo, nasema mapema. Kazi yangu ni kukaa kwenye chumba cha picha kuukuu na kutambua ndege za kwanza za jeshi la majini, zile zenye mabawa mawili, moja juu ya lingine. Wengine huhangaika na mabawa. Mimi huenda moja kwa moja kwenye injini, nikahesabu silinda. Silinda hazidanganyi, ndivyo nilivyokuwa nikijigamba.

Jioni ile bibi mmoja alikuwa kwenye benchi nje ya mlango wangu tangu mchana. Alileta picha moja tu. Ndege iko ufukweni, fundi ameketi ndani yake, na ofisa amesimama mbele ya injini, kifua mbele.

"Aliyekaa ni babu yangu," aliniambia. "Kidole chake cha shahada kililiwa na injini. Asubuhi hiyo, mara tu baada ya picha hii, ndege mbili ziliruka. Ya silinda saba ilirudi. Ya silinda tisa ikapotea baharini. Ofisa huyu akaandika kwamba babu hakupanda ile iliyopotea, alitoroka. Mwanangu, mpaka leo tunaitwa ukoo wa mtoro."

Kesho yake mchonga mawe angeanza kuchonga majina ya waliopotea kwenye jiwe la kumbukumbu. Orodha ilifungwa jioni hiyo, na walikuwa wakisubiri neno langu: silinda tisa, babu yumo; saba, abaki mtoro.

Bibi akarudi benchini. Nikachukua lenzi. Moja, mbili, tatu... saba. Bega la ofisa lilikuwa limeziba upande mmoja wa injini. Hapo kanuni yetu ni kupima nafasi kati ya silinda na silinda, ujue zilizofichwa ni ngapi. Lakini nilikuwa nimechoka, na njaa inaniuma. Nikaandika: saba. Nikatia sahihi.

Nikanyoosha mkono kuchukua muhuri.

Harufu...

Mafuta ya nyonyo. Injini za enzi zile zililainishwa kwa mafuta hayo. Niliyajua vitabuni tu, puani yalikuwa hayajawahi kunifikia.

Kitu kikakohoa nyuma ya kabati. Puh... puh-puh... Kikanyamaza.

"Nani?" nikanong'ona. Mtu mzima mimi, naliuliza kabati.

Kitu baridi, chenye utelezi, kikanishika kola kwa nyuma. Kikaniinamisha. Taratibu... mpaka pua ikakaribia kugusa picha.

Ofisa hakuwa pale alipokuwa.

Alikuwa amesogea hatua moja kando, macho yamemtoka. Fundi alikuwa ameinama kutoka kitini, mkono umenyooka kupita urefu wa mkono wa binadamu, amemkamata kola. Vidole vinne.

Nikahesabu. Nikapima nafasi zote, safari hii kwa adabu.

Tisa.

Nikaichana karatasi ya kwanza, nikaandika nyingine, nikagonga muhuri. Ndipo kola ikaachiliwa.

Bibi alipoingia aliitazama picha kwa muda mrefu. Wala hakushtuka. Machozi yalimtoka huku anacheka.

"Eh, babu! Walisema hukuwa mtu wa kuonewa." Kisha akanigeukia. "Mwanzoni uliandika ngapi, mwanangu?"

"Tisa," nikajibu, bila haya.

Akanitazama shingoni. Akachukua karatasi yake akaenda zake.

Jina limechongwa, nimelisoma kwa macho yangu. Kwa nini ofisa aliandika uongo, sijui hadi leo. Picha nimeifungia kabatini, na ofisa bado yuko kando, ameshikwa vilevile.

Mke wangu amelifua shati langu la siku ile mara tatu. Doa la mafuta kwenye kola halitoki. Jana aliliinua kwenye mwanga, akaweka vidole vyake juu ya lile doa, kimoja kimoja. Nikaona mkono wake unasita.

"Baba watoto," akaninong'oneza, "nani alikukaba? Na mbona cha shahada hakipo?"