Mtoto wa Curtis

Kwenye skrini palikuwa na kazi moja isiyo na jina, na Greta Nyhus aliapa kwamba si yeye aliyeianzisha.

"Basi nimeianzisha mimi usingizini," alisema Curtis Bremmer bila kugeuka. "Siku hizi hata kuoga naoga usingizini. Hebu ninuse."

Greta alikuwa ameshanusa. Si Curtis, chumba. Maabara ile ya chini ya ardhi kwa kawaida hunuka soksi na pitsa ya juzi, harufu ambayo kila aliyesomea kompyuta kule kwenye theluji, mimi nikiwemo, huikumbuka kwa mapenzi yasiyo na maana. Siku ile ilinuka nywele zilizoungua.

Walikuwa kwenye somo la kuunda mfumo endeshi, ule unaoiendesha kompyuta nzima, somo lile la uzamili ambalo watu huingia na nywele na kutoka na upara. (Mimi niliingia na upara wangu tayari, wakakosa cha kuninyang'anya.) Wanafunzi hufanya wawili wawili, na huandika mfumo mzima tangu mstari wa kwanza. Mashine ni moja, kazi, yaani programu zinazoendeshwa, ni nyingi. Kila kazi hupewa zamu ya kufumba na kufumbua, inasimamishwa, inapewa nyingine, upesi mno hata kila moja hudhani mashine ni yake peke yake. Kazi ikizaa kazi, huitwa mzazi na mtoto. Mzazi akifa kwanza, yatima huchukuliwa na kazi ya mwanzo kabisa, mlezi wa wote.

Mlezi huyo aliandikwa na Curtis. Kwa utani wake akampa jina lake mwenyewe, Curtis Bremmer, kamili kama kwenye cheti cha kuzaliwa. Na kwa haraka yake akaruka ukaguzi: mlezi alimpokea yatima yeyote bila kuuliza katoka wapi, akamlisha kutoka kwenye zamu zake.

Profesa Lofgren angekuja kuukagua mfumo saa nane mchana. Greta alikuwa ameshafeli somo moja. Akifeli na hili, udaktari wake ungeishia hapo, arudi kwao akauze matrekta na baba yake.

"Iue," alisema.

Curtis akaandika amri. Kazi ile ikatoweka. Ikarudi, na safari hii mbele yake paliandikwa mzazi: Curtis Bremmer.

"Loo! Nipe hongera, mwenzangu," Curtis akacheka. "Mchumba sina, lakini m—"

Akasimama hapo hapo. Kidole juu, mdomo wazi, jicho halipepesi. Feni ya mashine nayo ikanyamaza, na katika ule ukimya Greta akasikia mtu akivuta pumzi polepole, mtu mwenye mapafu makubwa kuliko chumba.

"—toto ninaye," Curtis akamalizia. "Mbona unanitolea macho?"

"Ulisimama."

"Nimesimama wapi na nimekaa?"

"Curtis, gusa kahawa yako."

Akagusa. Aliyoimimina ya moto sasa hivi ilikuwa baridi kama maji ya kisima. Akatazama saa ya ukutani, kisha skrini, na utani ukamtoka usoni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeziandika hesabu zile na hakuhitaji kutafsiriwa. Zamu za kazi isiyo na jina zilikuwa zinapanda. Zake zilikuwa zinashuka.

"Futa," alinong'ona. "Futa mfumo wote, Greta. Na nakala zote."

"Futa wewe."

Akanyoosha mkono. Vidole vikagandia hewani juu ya kibodi, vikakaa, vikakaa. Aliporudi alikuwa anatokwa machozi bila kujua kwa nini.

"Siwezi. Kila nikifika hapo ananikatiza. Futa wewe, nakuomba."

"Tukifuta tutaonyesha nini?"

"Tutapata sifuri. Tutaila pamoja."

"Wewe utaila leo, kesho wataajiri kipaji chako. Mimi je?" Greta aliongea polepole, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Ukaguzi wenyewe hauna muda. Lofgren akitoka tu, nafuta. Vumilia kidogo, kaka."

"Hujui ninakokwenda nikisimama. Si usingizi. Kuna mtu aliyeingilia kwa jina langu kamili, anakaa mahali pangu, mimi nasukumwa pembeni, na pembeni penyewe kila mara panakuwa pa—"

Akaganda tena, na safari hii macho hayakuganda pamoja naye bali yalitembea, yakapita juu ya mabomba ya dari na koti la theluji lililotundikwa mlangoni na mikono yake mwenyewe aliyoigeuza-geuza kama mtu anayekagua nguo ya mtumba, yakafika kwa Greta na kutulia hapo, huku harufu ya nywele zilizoungua ikizidi hata Greta akaionja ulimini, naye, aliyekuwa na mkono wake juu ya kibodi na amri ya kufuta iko tayari, akatazama saa, akaona zimebaki dakika chache, akauondoa mkono.

Lofgren aliingia akitafuna mbegu za alizeti. Kama kawaida yake alileta programu yake ya ushenzi ya kuangushia mifumo, iliyokwisha kuwaliza watu wazima, akaiachia ndani ya mfumo. Mfumo haukutikisika.

"Na mwenzako?" aliuliza. "Mbona kama sanamu?"

"Ana mafua, Profesa."

"Mgawo wa zamu mzuri huu. Ila hii isiyo na jina inakula mashine nzima."

"Ya majaribio tu."

"Na huyu Curtis Bremmer?" Lofgren akainama, akacheka. "Zamu sifuri! Ndiyo makundi yenu: mmoja anapiga kazi, mwingine jina tu."

Curtis akacheka pia, kwa kuchelewa kidogo.

Walipata alama ya juu kabisa darasani. Lofgren alipotoka, Greta alitimiza ahadi. Alifuta kila kitu, na kila nakala. Skrini ikawa nyeusi, na harufu ikakatika kama iliyofungiwa mlango.

"Curtis?"

Akainuka. Akakunja vidole kimoja kimoja, akavikunjua.

"Pole," alisema. "Umefuta, lakini nilikuwa nimeshahama."

Nje theluji ilikuwa inaanguka. Mama yake Curtis alikuwa amekuja kumchukua kwa sikukuu ya kushukuru, ile ya bata mzinga, na nyuma ya gari wamo wajukuu wake wawili, wamejifunika blanketi.

"Wewe Greta umemlisha nini?" mama akasema, macho yamemlowa kwa furaha. "Kanikumbatia! Huyu! Tangu aote ndevu hataki hata kushikwa bega."

Greta akafungua mdomo. Kusema kungemlazimu aseme pia aliujua ukweli tangu saa ngapi, na alikuwa akisubiri nini.

"Barabara inateleza, mama," alisema. "Mwende polepole."

Curtis hakukaa mbele. Alijipenyeza nyuma, katikati ya watoto, akawafunga mikanda kwa upole, akawazungushia mikono.

"Haya, wapenzi," alisema. "Niambieni majina yenu. Kamili."

"Anko jamani, unatujua!"

"Curtis na utani wake," mama akacheka, akawasha gari. "Mwambieni, wanangu."